Waya wa Breki

Piano iliingia Barabara ya Kumi na Mbili
juu ya mkokoteni wa mkaa,
imetoka klabu ya mabwana mkonge, Kigombe,
mnadani, pamoja na meza mbili na kichwa cha nyati.
Hizza alinunua piano. Kichwa hakikupata mteja.

Mimi ni fundi baiskeli, muziki siujui majina yake.
Nyuzi tisa zilikuwa zimekatika.
Akaniuliza: Sechonge, una waya wa breki?
Nikamwambia, ninao, ila kazi yake kusimamisha.
Akasema, huu utakwenda.

Ukaenda.
Nilikaza kwa spana ya spoku,
yeye sikio ubaoni kama daktari wa kifua:
bado, bado, rudisha kidogo, hapo.
Mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu;
viwili vilibaki kwenye korona, pamoja na singa za siku ile.
Basi besi yake ilichechemea,
na Ngamiani nzima ikajifunza kuchechemea nayo.

Wakajiita Jana Tena.
Wenzao wakati huo walishaanza kughani juu ya midundo ya kompyuta;
wao suruali za kubana, viatu vya ncha,
nywele zimelazwa kwa mafuta ya nazi,
wakapiga roki ya enzi za redio za mbao,
ile ya kumzungusha dada wa watu
mpaka kandambili zikatafutane zenyewe.
Mbaruku gitaa. Kiondo ngoma.
Bi Zawena, mjane wa karani wa reli, sauti,
akihamia Kibondei pale Kiingereza kilipomwishia,
na kilimwishia mapema.

Pongwe, Muheza, Maramba.
Korogwe, harusi ambayo bwana harusi alitoroka
na bendi ikaendelea hadi alfajiri
kwa kuwa pilau ilishaiva.
Kila ukumbi una ngazi.
Piano watu wanane, na mmoja wao mimi:
waulize waimbaji kuhusu makofi,
kuhusu uzito uulize mgongo wangu.

Kaseti ilikuwa moja tu.
Dar, siku mbili, na nauli ya kwenda peke yake.
Redio ikaahidi: Jumamosi, saa mbili na robo usiku.
Tulijazana karakana kwangu watu kumi na wanne.
Saa mbili na dakika kumi, umeme ukakatika.
Betri za akiba zilikuwa ndani ya tochi ya Kiondo,
zimekufa tangu mfungo.
Gizani Hizza akaupiga wimbo wote juu ya benchi langu,
njugunjugu za baiskeli zikirukaruka,
na Bi Zawena akaingia palepale pa kuingilia.
Waliousikia ni watu wa Mombasa.
Mmoja alituma kadi ya pongezi
kwa bendi ya Jana Tano.

Watu hutaka ugomvi bendi inapokufa.
Haukuwepo.
Mbaruku alipata hoteli Unguja, kinanda cha kuchomeka ukutani.
Kiondo aliingia kiwanda cha saruji, akaupenda mshahara.
Bi Zawena alikwenda hija, akarudi, akasema basi,
akacheka,
kisha ikawa basi kweli.
Hizza alibaki na Alhamisi zake:
anakuja, anafunua, anabonyeza mmoja,
anasikiliza chumvi inavyokula,
anafunika, ananidai chai.

Mwaka juzi tulimtoa Bombo asubuhi, tukamzika adhuhuri.

Piano iko nyuma, imebeba mipira ya ndani na kopo la solushoni.
Mchwa wamekula mguu mmoja; nimeegesha rimu.
Jana mtoto wa jirani alileta pancha,
akachoka kusubiri, akabonyeza.
Mbona huu unalia kama baiskeli?

Nilifuta grisi kwenye suruali.
Nikakunja vidole viwili vya mkono wa kushoto,
nikamwambia asogee kidogo.